Kigango Ndani ya Pikapu

Mtwapa,
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Ngowa mdogo wangu,

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Juzi wewe ulinikatia, na wiki iliyopita mimi nilikukatia, basi tumetoka sare. Karatasi haikatiki. Barua hii nampa Kiprop, yule dereva wa lori la chumvi. Anapita hapa mara mbili kwa wiki akienda Mombasa, anakunywa chai kwangu, na akirudi Gongoni lori tupu anaweza kubeba maneno yetu. Usimhoji, ni mtu wa bara, hayajui ya kwetu na hataki kuyajua.

Mimi mzima, ila magoti. Vyumba kumi na vinne, choo kimoja kimeziba, mwenye nyumba yuko Nairobi, na anayetukanwa ni mimi msimamizi. Nimechoka, Ngowa. Nalisema mapema ili usije ukadhani haya mengine nayasema kwa ukali.

Neno langu ni lile lile, kigango cha baba. Najua unayajua, nayarudia ili baadaye usiseme sikusema. Baba alikuwa mtu wa Gohu, kile chama cha wazee wa Kigiriama. Aliwalisha wenzake, akaingia, akaheshimiwa. Mtu kama huyo akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti yenye umbo la mtu, kisimame nyumbani kwake, ndiyo makao yake. Miaka sita sasa hana, na sababu ni mimi. Nilisimama mbele ya wazee, Biblia kwapani, nikasema baba yangu hatasimamishiwa mti. Wewe ulikuwa upande wao, nikakushinda kwa kelele.

Tangu Pasaka anakuja. Nikilala tu, anasimama mlangoni pangu na ovaroli yake ya kazini. Namwambia, baba, keti. Anaangaza macho huku na huku kama mgeni aliyekosa kiti, kisha naamka. Mchana nasinzia kwenye ibada, mimi mwenyekiti wa akina mama.

Lile gogo la mhuhu nililotuma Agosti, mchongaji ameshalianza? Nataka kigango kisimame kabla mwaka haujaisha. Kanisani hawajui, nawe usiropoke.

Na hayo ya gari nimeyapata kwa Kiprop. Eti watu wazima na ndevu zenu mnaivisha pikapu ya baba malapa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Dada yako,
Kadzo


Gongoni,
Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Dada Kadzo, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi, maana viti vyote vya nyumba hii vimehamia kwenye mikutano. Mikutano ndiyo kazi tuliyobaki nayo.

Acha nikueleze hili la gari kabla hujalicheka zaidi. Tangu Machi, yule mkandarasi alipoleta mashine ya kukwangua chumvi, tumerudishwa nyumbani watu thelathini na wanane. Unawajua karibu wote. Mutuku, aliyekuwa fundi wa magari kule kwenye chumvi, akatukusanya akasema tusikae kama kuku wa gredi tukingoja siku ya kuchinjwa. Ndipo akaja binti mmoja, Viola, wa ofisi ya lile tamasha la mwaka mpya la Kilifi. Anasema watu huleta magari yaliyopambwa mpaka hayajulikani tena kama ni magari. Yanatembea polepole uwanjani, watu wanayapanda, wanacheza juu yake. Wanataka moja la wenyeji. Wao watatoa nusu ya gharama, robo sasa na robo gari likifika. Nusu nyingine tujichangie. Likiwapendeza watatupa kazi ya kutengeneza mengine kila mwaka.

Dada, hiyo ndiyo kazi pekee iliyotajwa mbele ya watu hawa tangu Machi. Ningefanya nini? Gari pekee lisilo na mwenyewe lilikuwa pikapu ya baba, imekaa uani miaka sita, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sakafu ya nyuma imeliwa na chumvi, ina tundu unapitisha mguu mzima. Lakini chasisi ni nzima, na mimi kuchomelea vyuma ndiyo kazi ninayoijua.

Harambee ya kwanza ilileta vifuniko vya sufuria, malapa yaliyookotwa ufuoni, magunia ya chumvi, buti za kazini zilizopasuka, kuku watatu na ahadi nyingi. Hannah mke wangu ametoa vifuniko vyote vya jikoni. Siku hizi wali wetu unafunikwa kwa sahani, na kila ukifunikwa mimi hutazamwa.

Kigango, mchongaji ameanza. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Ngowa


Mtwapa,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Ngowa,

Marahaba. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya gari na mstari mmoja juu ya baba. Nimehesabu. "Ameanza" ni nini? Kichwa kimetoka? Mabega? Lile gogo limelazwa wapi, chini au juu ya mawe? Mchwa wa Gongoni hawana adabu.

Pamoja na barua hii Kiprop anakuletea gunia. Mna malapa mia na kitu. Wapangaji wangu wakihama huacha malapa na madeni, na mimi nimeweza kuokota malapa. Kuna na vifuniko saba vya sufuria. Vitatu ni vya Hannah arudishe jikoni, nimevifunga kwa kitambaa cha kijani ili msisingizie hamkujua. Sikusema nalipenda hilo gari lenu. Nasema tu mke wa mtu afunike chakula chake.

Baba amekuja tena Jumanne na jana. Jana aliinama, akashika goti lake, kama vile alivyokuwa akifanya akishuka kwenye lori. Nikalia ndani ya ndoto mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Wewe unadhani mimi ni mkali kwa sababu napenda. Ngowa, mimi ndiye niliyemnyima, na sikumnyima kwa imani, maana imani yangu wakati ule ilikuwa ya miezi minane. Nilitaka mchungaji anione. Hilo sijamwambia mtu. Sasa ukiniandikia "usiwe na wasiwasi" naona kama unanifukuza mlangoni.

Niandikie kweli.

Kadzo


Gongoni,
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tumekuwa na siku kumi mbaya. Mutuku aliwasha injini, ikalia dakika moja ikakaa kimya, akaifungua yote juu ya turubai, na kila mpita njia akawa na ushauri. Watu wanachoka. Wale waliotoa kuku wanauliza kuku wao wako wapi. Mimi mwenyewe nikiamka asubuhi naikuta ile pikapu imenitolea macho na natamani irudi kuwa kiota.

Halafu Viola akaja kukagua. Akalizunguka mara mbili. Akasema vifuniko vinapendeza, buti zinachekesha, lakini gari halina moyo. Wanataka katikati, pale nyuma, kisimame kitu cha asili ya huku, kirefu, kionekane toka mbali. Bila hicho wataalika kundi jingine. Nilitazama nyuso za wenzangu, Dada. Mzee mmoja aliyekwangua chumvi miaka ishirini na mitatu aliinuka akaenda zake nyumbani mchana kweupe.

Basi tumelitatua. Kitu kimepatikana, tumemtumia mchoro, ameukubali siku ile ile, amefurahi kweli. Tarehe kumi na moja Desemba kundi zima, mpaka Hannah, tunaitwa Kilifi kuonyeshwa uwanja na njia ya kupita. Gari litaondoka tarehe ishirini na nane.

Kigango cha baba kimekwisha kuchongwa. Kiko uani, kimesimama. Mchongaji amekitendea haki, mabega ya pembetatu, uso umetulia. Imebaki kazi ya wazee tu, ya kumwita baba, hiyo tuifanye Januari nikishapumua.

Sasa lala.

Ngowa


Mtwapa,
Jumapili, 14 Desemba 2025

Ngowa mdogo wangu mpenzi,

Sijakuita hivyo tangu ulipokuwa darasa la pili. Vumilia.

Nimefanya jambo bila kukuambia, na ukimaliza kusoma hutanikasirikia. Alhamisi ile mliyokwenda Kilifi wote, mimi nilikuja Gongoni. Kiprop alinipakia. Januari niliiona mbali, na wewe ungekuwa na gari, na mkutano, na injini juu ya turubai. Basi nilimpitia baba mdogo Kazungu, naye akawaita wenzake wawili wa Gohu, tukachukua mbuzi na pombe ya mnazi. Kanisani nimesema nilikwenda kumwona mgonjwa.

Nilipofungua lile lango la makuti nikasimama. Umekisimamisha ndani ya pikapu yake! Kimepita kwenye lile tundu la sakafu mpaka kikaingia udongoni, kimesimama pale nyuma wima, kama yeye alivyokuwa akisimama akihesabu magunia. Sikujua una moyo huo. Baba mdogo alinung'unika kwamba mahali pa kigango si ndani ya gari. Nikamwambia kimegusa ardhi ya nyumbani, na hilo gari lilikuwa lake, unataka nini zaidi? Akataka mnazi zaidi, akapewa.

Walifanya yote. Baba akaitwa kwa jina lake na la babu. Mbuzi akachinjwa hapo hapo. Vitambaa nilivifunga mimi kwa mkono wangu, kiunoni na chini. Baba mdogo ameniambia nikuambie: kimeshasimamishwa, hakihamishwi. Hata nyumba ikihama, chenyewe kinabaki.

Nimerudi na nimelala usiku kucha siku tatu mfululizo. Ahsante, Ngowa. Ulikuwa umefanya, na mimi nikakudhania vibaya.

Dada yako,
Kadzo


Gongoni,
Alhamisi, 18 Desemba 2025

Dada,

Tulirudi kutoka Kilifi usiku ule, tukakuta vitambaa. Nilidhani baba mdogo amelewa akafanya mambo yake. Barua yako ndiyo imenifungua macho, na nimekaa nayo siku tatu bila kujua nianzie wapi.

Nilikudanganya. Hicho si kigango cha baba. Gogo ni lile lile ulilonunua, mchongaji ni yule yule, lakini nilimwambia achonge cha gari. Ndicho kile kitu cha katikati alichotaka Viola. Nilijiambia nitanunua gogo jingine Januari kwa ile robo ya mwisho, kichongwe upya, wewe hutajua na baba atangoja miezi miwili zaidi baada ya miaka sita. Nilikipitisha tu kwenye lile tundu na kukishindilia udongo kisianguke wakati rangi inakauka. Hiyo ndiyo heshima yote niliyompa.

Sasa baba mdogo amekuja na kiti chake, ameketi mbele ya pikapu na bakora. Anasema atakayekigusa amemfukua kaka yake. Mutuku anasema ni mti, tung'oe twende. Watu thelathini na wanane wanakitegemea hicho kitu, na gari linaondoka baada ya siku kumi.

Ni wewe peke yako ambaye baba mdogo anakusikiliza. Ukimwambia kilifanywa kwa makosa, kwamba hakikuwa chake, huenda akakubali kitolewe na kingine kisimamishwe. Nakuomba, Dada. Najua sistahili kuomba. Kiprop anangoja jibu lako.

Ngowa


Mtwapa,
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Ngowa,

Baba ameitwa na ameitika. Usikitoe.

Kadzo


Gongoni,
Ijumaa, 2 Januari 2026

Dada Kadzo, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya, kwa wanaouona mpya.

Sikukitoa. Ulikuwa na haki ya kuwa mkali. Mistari miwili ile niliibeba mfukoni siku nzima, na kila nilipotaka kumsikiliza Mutuku niliigusa.

Tarehe ishirini na saba tulikaa kikao cha mwisho. Mutuku alisimama. Alisema yeye ni Mkamba, hana kigango wala Gohu, lakini ana watoto, na hajaona mzimu aliye tayari kuwalipia karo. Wengine wakamuunga mkono kwa sauti. Hata Wagiriama wenzangu, Dada. Mmoja akaniambia, baba yako alikuwa mtu wetu, angetuelewa. Huenda ni kweli. Hicho ndicho kilichonitesa, kwamba baba yule yule tuliyekuwa tunamgombania angeng'oa mwenyewe akatupa twende.

Lakini alikuwa ameshaitwa, na wewe ulikuwa umelala. Nikasema sing'oi. Nikachukua mashine ya kukatia vyuma, nikapanda nyuma, nikaanza kwenye lile tundu, nikakata sakafu kuelekea mkiani mpaka nikapasua na mlango wa nyuma. Cheche zikaruka, malapa yakashika moto, Hannah akamwaga ndoo mbili za maji bila kunitazama. Baba mdogo alinyanyua bakora, akaona ninachofanya, akaiteremsha. Kisha watu wanane wakasukuma. Gari likasonga mbele taratibu, kigango kikapita kwenye ule mpasuo, na gari lilipotoka lote chenyewe kilikuwa kimesimama pale pale uani, na vitambaa vyake. Hakikutikisika. Nililia mbele ya watu.

Kilifi tulifika tarehe ishirini na nane jioni, Kiprop ametuvuta kwa lori maana injini ilizima Matsangoni. Viola alikuwa na ule mchoro mkononi. Akatazama mchoro, akatazama gari. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema pole, akasema si yeye anayeamua. Wakatuelekeza upande wa maegesho, karibu na vyoo. Siku tatu za tamasha, waliolipanda ni walinzi tu, wakija kupumzisha miguu. Jamaa mmoja mgeni aliuliza ule mpasuo una maana gani. Mutuku akamwambia ni wizi.

Robo ya pili hatukupewa. Kazi za mwakani wamepewa wengine. Mutuku hajanisalimia tangu tuliporudi. Jana nilikutana na yule mzee wa miaka ishirini na mitatu, akanipa mkono, akaurudisha haraka kama aliyekumbuka kitu.

Sijuti, lakini nimechoka mpaka kwenye mifupa. Wewe endelea kulala, Dada. Angalau mmoja wetu.

Ngowa


Mtwapa,
Jumatano, 7 Januari 2026

Ngowa,

Barua hii nimeianza mara nne. Kiprop ameshakunywa chai ya pili na hajui kwa nini namtazama vile.

Nilijua.

Siku ile, nilipofungua lango, nilijua baada ya kukisogelea. Shingoni kilikuwa na matundu manne ya bolti. Kigango hakifungwi bolti. Chini, kwa mwandiko wako ule wa darasa la pili, uliandika namba ya tamasha, kumi na saba, kwa rangi nyeupe ambayo haikuwa imekauka. Ilinishika kidoleni. Baba mdogo haoni vizuri, na wenzake walikuwa wameshaonja mnazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema jamani, tusubiri, hiki si chenyewe. Nilichukua kitambaa nikakifunga juu ya ile namba, nikakaza, nikasema endeleeni.

Nilikasirika, ni kweli. Nilikuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, ukanijibu kwa uongo. Lakini hasira haikunituma peke yake. Niliona kwamba wewe hutafanya. Januari ingekuwa Machi, Machi ingekuwa gari jingine, na mimi ningeendelea kuamshwa na ukuta. Nikasema sasa nakifunga mahali ambapo hutaweza kukifungua. Nikakuandikia barua tamu ya shukrani ili ushindwe hata kunikasirikia. Na uliponiomba nimwambie baba mdogo kwamba yalikuwa makosa, nilijua kwamba nikisema neno moja tu watu wale wangekwenda Kilifi na kitu chao. Neno hilo ningelisema vipi bila kusema nilijua? Nikaandika mistari miwili. Wewe ukaibeba mfukoni.

Nilimfikiria baba na nilijifikiria mimi. Watu thelathini na wanane sikuwafikiria hata kidogo. Ndivyo nilivyofanya miaka sita iliyopita, na nimefanya tena, safari hii kichinichini.

Baba haji tena, hilo sikukudanganya. Usingizi nilikuwa nao mpaka barua yako ya tarehe mbili. Sasa sina, na hakuna mti utakaonisaidia.

Jumapili nilimwambia mchungaji yote. Ameniomba niache kiti cha akina mama, nimekiacha. Haikuniuma kama nilivyodhani, aibu ilikuwa imeshachukua nafasi yote.

Jumamosi tarehe kumi nakuja Gongoni. Waite kundi lote, na Mutuku awepo, na baba mdogo kama atatoka kitini. Nitasimama nitawaambia wenyewe kwamba aliyewaibia ni mimi. Usinitetee. Ukinitetea nitarudi na gari lililonileta.

Kadzo


Gongoni,
Alhamisi, 8 Januari 2026

Dada,

Sikuamkii leo. Nimeshindwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliitupa, Hannah akaiokota na kuisoma, akanirudishia akasema, "Isome tena, umeisoma kwa masikio." Mara ya pili nilikwenda kuketi uani.

Nimekasirika. Sijakasirika hivi tangu siku ile ya Biblia kwapani. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda gari, usije ukafika ukadhani nimenyamaza kwa sababu nimesamehe. Nikikumbuka Mutuku alivyosimama kwenye kile kikao, na mimi nikijiona shujaa wa dada yangu, nasikia joto mpaka masikioni. Na papo hapo najua kwamba uongo wa kwanza ulikuwa wangu. Ningekuwa mkweli Novemba, wewe usingekuwa na namba ya kufunika. Sijui hasira ya namna hiyo mtu huipeleka wapi.

Kundi nimeliita, Jumamosi saa nne. Sikuwaambia unakuja kusema nini. Nilimwendea Mutuku kwake, alikuwa chini ya gari la mtu, nikaongea na miguu yake. Nikamwambia dada yangu anakuja na ana neno. Nilipokuwa naondoka miguu ikauliza saa ngapi.

Sitakutetea. Nitakaa nyuma kabisa. Utakapomaliza nitasimama niseme yangu, kwamba gogo nililiiba mimi kabla wewe hujalifunga, maana hilo hawalijui pia. Wakitufukuza watatufukuza wawili.

Uje na nguo za kubadilisha, Dada. Usirudi Mtwapa siku hiyo hiyo, hata mambo yakiharibika. Nikishamaliza kukasirika nitataka mtu wa kuzungumza naye habari za baba, na wengine wote hawakumjua kama sisi.

Ngowa